Mifupa ya Bwawa la Tatu

Malori mawili ya chokaa yalikuwa yameshatoka mjini, na Koleo bado hakuwa na bwawa wala mtu.

Koleo si jina alilopewa na mama yake. Wenzake wa ofisi ya usalama wa vyakula ndio waliombandika, kwa kuwa akishika jambo haliachii mpaka ling'oke. Walimwita hivyo kisirisiri, siri ya aina ile ambayo mwenyewe anaijua na mlinzi wa getini humsalimia nayo akijisahau.

Shauri lenyewe lilikuwa fupi na baya. Kwenye ghala la barafu la mjini, samaki wa shamba hili walipimwa wakakutwa na antibayotiki nyamani, ile ambayo wafugaji huiita dawa ya njano. Shehena ilikuwa njiani kwenda jikoni kwa hospitali ya watoto, na kila kreti ilibandikwa karatasi yenye maneno ya kujidai: samaki hawa hawajui dawa. Kumbe walikuwa wanajuana nayo vizuri tu. Amri ikatoka. Mabwawa yote matano yakaushwe, samaki wazikwe kwenye chokaa, leseni ifutwe.

Maabara haikuweza kusema dawa ilitoka bwawa lipi, maana kreti zilichanganya samaki wa kila bwawa. Na msimamizi wa kikosi cha maziko, mtu wa buti nzito na maneno machache, alikuwa ameshampigia Koleo simu.

"Nikifika unionyeshe bwawa lenye dawa na mtu aliyeitia," alisema. "Nitazika hilo moja. Ukiwa huna, nazika yote, na usiniletee machozi ya mtu."

Mwenye shamba alimpokea Koleo kwenye jiko la chakula cha samaki, banda la bati lenye kinu, mizani, madumu ya mafuta na harufu ambayo dereva wa Koleo alisema ingemfukuza hata jini mwenye mafua. Alikuwa mama wa makamo mwenye mikono iliyokomazwa na mchi. Majirani walimwita Bi Saumu tangu alipoacha dawa za dukani akaanza kuwalisha samaki vitunguu saumu, manjano na majani ya mlonge. Walimcheka sana. Walisema huyu mama anawaunga samaki mchuzi wangali hai. Yeye hakuwajibu, kwa sababu alijua alikotoka. Zamani alitia dawa ya njano, ugonjwa ukapoa. Msimu uliofuata akatia zaidi. Mwishowe akawa anamwaga tu na samaki wanaelea vilevile, kwani vijidudu vilikuwa vimeizoea dawa kama mtoto mtundu anavyoizoea sauti ya mama yake.

Koleo alimtaka aeleze utaratibu wake, naye akaeleza kama mtu anayesoma sala. Kitunguu kinapondwa kibichi, kinaachwa kipumue mpaka ukali wake uamke, kinachanganywa na mafuta baridi, ndipo kinapakwa kwenye punje za chakula na kuanikwa kivulini. Manjano na mlonge vinafuata. Jua hapana, moto hapana. Alisema hakuna dawa iliyovuka geti lake tangu alipoapa, na kama ofisi ilitaka ushahidi, ushahidi ulikuwa pale nje unaogelea. Bwawa la tatu liliugua juzijuzi, samaki wakatoka vidonda vyekundu na kuzunguka kama vichaa, na kitunguu kikaliponya. Mji mzima alishautangazia.

"Uliliponya wewe mwenyewe?" Koleo aliuliza.

"Nilikuwa kwa binti yangu hospitali, anajifungua. Mkwe wangu ndiye aliyebaki hapa. Alikuwa mpishi wa hoteli, kijana mpole, mikono misafi. Niliporudi samaki wazima, wanarukaruka. Nilimkumbatia, bibie. Mimi, kumkumbatia mkwe."

Aliyasema hayo akinyoosha shingo. Koleo aliyasikia kwa namna nyingine, lakini kabla hajauliza zaidi dereva aliingia akihema na kitu mkononi.

Dereva alikuwa amekwenda nyuma ya uzio kwa haja zake za kiofisi, akarudi na pakiti tupu. Ndani ya mikunjo yake palibaki vumbi la njano. Ilikuwa imenaswa kwenye seng'enge, upande wa jirani.

Jirani huyo alifuga kuku, na mtaa ulimwita Jogoo kwa sababu aliamka kabla ya watu wote na kutangaza habari za watu wote. Koleo alimkuta bandani. Alikiri haraka kupita kiasi. Dawa ni yake, kuku wake huinywa kwenye maji, pakiti hupeperushwa na upepo, na kama upepo una kosa basi afisa aukamate.

Dereva alishamaliza kesi. Alimvuta Koleo kando akamnong'oneza mlolongo mzima: kuku wanakunywa dawa, kinyesi cha kuku kinatiwa bwawani kurutubisha maji, samaki wanakula, hospitali inakula. Alikuwa anatabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu.

Koleo alikwenda kwenye mfereji uliopita kati ya mashamba mawili, akaokota jani kavu, akalitupa majini. Jani likasitasita, likageuka, likateleza taratibu kutoka kwa Bi Saumu kuelekea kwa Jogoo. Kisha alizunguka nyuma ya banda lilipokuwa rundo la magunia ya kinyesi. Magugu yalikuwa yameyapanda magunia na kutoa maua. Hakuna aliyeyagusa msimu mzima. Maji hayakupanda kilima, na samadi haikuvuka uzio. Dereva akanywea kama mtu aliyeshangilia bao la kuotea.

Lakini Koleo hakuondoka. Alirudi kwa Jogoo akamuuliza kama yupo mtu wa nyumba ile aliyewahi kumwomba dawa hii.

Jogoo, ambaye tangu wafike hakuwa amefunga mdomo, aligeuka akaanza kuokota mayai. Aliingiza mkono kwenye kiota ambacho hakikuwa na yai, akautoa, akauingiza tena.

"Sikumbuki, dada."

"Unamwogopa nani zaidi, mimi au Bi Saumu?"

Jogoo alitazama uzio.

"Wewe utaondoka," alisema.

Koleo aliona hilo ni jibu, ila halikuwa jibu la kumwekea msimamizi mezani. Njiani kurudi, simu ililia. Malori yalikuwa yameshapita kituo cha mwisho cha mafuta. Akamuuliza dereva kama bado anatembea na kile kitochi chake cha mwanga wa zambarau, kile ambacho wenye maduka humulikia noti bandia. Dereva alikuwa nacho. Alikinunua baada ya kurudishiwa chenji ya noti iliyokuwa na sura ya mtu asiyejulikana, na tangu hapo alimulika hata tiketi za mpira.

Mkwe aliitwa atupe wavu. Alikuja kimya, kijana mwembamba mwenye kucha fupi safi, akawasalimia wote kwa kuinama kidogo. Koleo alimtazama akifanya kazi. Alikuwa mwepesi, wavu ulifunguka juu ya maji kama shuka linalotandikwa. Kwenye bwawa la kwanza alivuta samaki, la pili vilevile. La tatu alitupa wavu ukatua karibu na ukingo, mtupo wa mtu asiyetaka kupata kitu. Koleo alimwomba atupe tena, katikati. Akatupa.

Baada ya la nne na la tano, walijifungia ghalani kwenye magunia ya punje: Koleo, dereva, Bi Saumu na mkwe. Koleo alipanga samaki watano juu ya ubao, kila mmoja mbele ya namba ya bwawa lake. Alichana nyama, akatoa uti wa mgongo, akaukwangua na kuusuuza kwenye ndoo mpaka ukawa mweupe. Kazi hiyo aliifanya polepole, na polepole hiyo ilimkera kila mtu kwa sababu barabara ilikuwa inasikika kutoka pale. Alieleza wakati akikwangua. Dawa ya njano haipiti tu mwilini na kuondoka. Samaki anayekua huijenga ndani ya mfupa wake, na ikishaingia huko hukaa. Nyama husahau baada ya wiki kadhaa. Mfupa hausahau, na chini ya mwanga wa zambarau huwa unasema.

Dereva alifunga mlango. Giza likawafunika.

Mfupa wa bwawa la kwanza ulikaa kimya, rangi ya jivu. Wa pili, jivu. Koleo alisogeza mwanga, na wa tatu ukawaka. Haukuwaka sana. Ulitoa njano hafifu pingili kwa pingili, kama macho ya paka yaliyopangwa mstari. Wa nne, jivu. Wa tano, jivu.

"Hayo ni manjano," Bi Saumu alisema gizani. "Nawalisha manjano kila siku. Hata vidole vyangu ukivimulika vitawaka."

"Vitawaka, mama. Lakini manjano umewalisha wa mabwawa yote matano, na ni mmoja anayewaka."

Pakasikika gunia likilalamika. Bi Saumu alikuwa ameketi.

Mlango ulipofunguliwa, Koleo alikuwa na nusu ya deni lake. Bwawa lilikuwa limejulikana. Mtu bado. Bi Saumu alirudia, safari hii kwa sauti ya chini, kwamba bwawa lile liliponywa na kitunguu, kwamba pengine kuna adui aliyekuja kumwaga dawa baadaye ili amharibie. Aliwataja watu waliomcheka, mmoja baada ya mwingine. Hakumtaja aliyekuwa amesimama nyuma yake akikunja wavu ambao ulikuwa umeshakunjwa.

Koleo alimgeukia mkwe. Hakumuuliza kuhusu dawa. Alimwomba amwonyeshe alivyokitengeneza kile chakula kilichowaponya samaki, hatua kwa hatua, kama siku ile.

Kijana alionekana kupata nafuu. Swali la mapishi lilikuwa swali la nyumbani. Aliingia kwenye jiko la chakula, akanawa mikono mpaka viwiko, akamenya vitunguu saumu kwa kuviponda na ubapa wa kisu, akavikatakata vidogo kwa kasi iliyomfanya dereva arudi nyuma. Kisha akawasha jiko. Akamimina mafuta kwenye kikaango, akangoja yatulie, akatia kitunguu. Harufu ilipanda, tamu, ya kula. Dereva akameza mate, akajifanya anakohoa. Mkwe aliendelea kugeuza mpaka kila kipande kikawa rangi ya dhahabu, hakuna kilichoungua, ndipo akainua kikaango na kumwagia punje za chakula. Aligeuka akitarajia kuulizwa hatua inayofuata.

Akaona uso wa mama mkwe.

"Umekifanyaje?" Bi Saumu aliuliza.

"Nimekikaanga, mama. Kama siku ile."

"Nani alikwambia kinakaangwa?"

"Hakuna aliyeniambia hakikaangwi."

Alieleza, maneno yakimtoka kwa vipande. Hotelini kitunguu saumu kibichi kwenye sahani ya mgeni ni barua ya kufukuzwa kazi. Yeye alichojua ni hicho. Alikuwa amemwona mama mkwe akipaka punje, hakuwahi kumwona akiandaa kile anachopaka, kwa sababu mama huyo huponda alfajiri peke yake na hapendi mtu kusimama karibu na kinu chake. Na kumpigia simu hospitali, mke wake yuko ndani analia, amuulize habari za kitunguu, ilimshinda.

Koleo alichukua kipande cha dhahabu akakitafuna.

"Kitamu," alisema. "Kwa mkate kingefaa sana. Mama, kikikaangwa hivi kinabakiza nguvu ya kutibu?"

Bi Saumu alikitazama kikaango. Ilikuwa wazi anajua jibu, na wazi pia kwamba anajua jibu hilo linakwenda wapi.

"Hakibakizi," alisema mwishowe. "Moto unaiua."

"Basi bwawa la tatu halikuponywa na kitunguu. Lilikula harufu tu. Na hata hivyo lilipona. Lilipona kwa nini, kaka?"

Huko barabarani injini nzito ilibadilisha gia. Mkwe aliweka kikaango chini kwa uangalifu mno, kama kimejaa maji. Akafungua mdomo, na kabla hajasema lolote Bi Saumu akasimama katikati yao.

"Andika mimi," alimwambia Koleo.

"Mama, hukuwepo."

"Andika mimi, nimesema. Mtoto wangu kitovu cha mwanawe hakijadondoka, wewe unataka kumchukulia mume? Mimi nimezoea kuchekwa. Andika ni mimi niliyetia, tumalize."

Koleo alikichukua kitochi akakitia mfukoni. Alimweleza kwa sauti ya kawaida, bila kumwonea huruma, kwa maana huruma ingechukua muda. Leseni ilikuwa na jina la Bi Saumu. Mwenye leseni akitia dawa na kuuza huku karatasi zake zinasema hana dawa, hakuna cha bwawa moja. Yanazikwa yote, na hataruhusiwa kufuga hata kambale mmoja. Akitia mtu mwingine bila yeye kujua, linazikwa lililotiwa, na mtu huyo anakwenda kituoni kuandika maelezo, halafu mahakama itajua la kufanya naye.

"Kwa hiyo nichague," Bi Saumu alisema.

"Hapana, mama. Wewe huna cha kuchagua, kwa sababu wewe hukutia. Mwenye kuchagua ni huyu."

Wote walimtazama kijana. Alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ni mimi, mama," alisema.

Hakumwambia Koleo. Alimwambia mama mkwe, na baada ya hapo hakuwa na haja ya kusukumwa. Alisimulia jinsi alivyowakaangia samaki kitunguu na bado asubuhi iliyofuata akakuta wengine matumbo juu. Jinsi alivyokwenda kwa Jogoo, na Jogoo akampa dawa baada ya kumwapisha kwamba Bi Saumu hatajua, maana Jogoo alisema heri kesi mahakamani kuliko ulimi wa yule mama juu ya uzio. Aliichanganya kwenye kopo la manjano ili rangi isimseme. Samaki wakapona. Alikuwa amepanga kusema. Kisha mama mkwe akarudi, akaona, akamkumbatia mbele ya majirani, akaanza kuita watu waje waone kitunguu kilivyofanya. Na kila mtu aliyekuja aliufunga mdomo wa kijana zaidi.

Kosa hilo Koleo angeweza kulielewa. Lililobaki ndilo lililomfanya asogee karibu. Samaki aliyekula dawa ya njano hupewa siku za kungoja kabla ya kuuzwa, mpaka nyama isafike. Kitunguu hakina siku za kungoja. Bi Saumu aliporudi na kukuta samaki wazima, hakuwa na sababu ya kungoja chochote. Aliagiza kreti.

"Nani alipakia kreti?"

"Mimi."

"Ulijua samaki wa bwawa la tatu wamo?"

"Nilijua."

"Ulijua zinakwenda wapi?"

Kijana alitikisa kichwa kukubali.

"Ulijua ni hospitali ya watoto."

"Nilijua."

"Ukabeba."

"Nikabeba."

Bi Saumu alikuwa amewapa mgongo. Mabega yake yalipanda yakashuka mara moja tu. Alipogeuka macho yalikuwa makavu, na alimtazama mkwe wake kama anayetazama nyumba yake baada ya upepo, akipima kilichosimama na kilichoanguka.

Malori yaliingia getini yakitimua vumbi jeupe lililokuwa chokaa tayari. Msimamizi alishuka, buti zikatangulia. Hakusalimia. Aliuliza bwawa lipi na nani.

Koleo alimtaja mkwe, akamwingiza msimamizi ghalani pamoja na Bi Saumu, akafunga mlango, akaeleza habari ya manjano, akammulikia mifupa. Mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Msimamizi alichukua kitochi akamulika upya mwenyewe, kisha akamulika vidole vya Bi Saumu, ambavyo viliwaka kweli, na kisha ule mfupa wa kwanza, ambao haukuwaka. Alifikiri. Dereva alimwambia Koleo baadaye kwamba kufikiri kwa mtu yule kulisikika, kama kabati linaloburutwa.

"Hilo moja," msimamizi alisema.

Walilikausha bwawa la tatu huku jua likiegemea upande mmoja. Maji yalishuka, samaki wakaanza kuonekana migongo, kisha mbavu, wakipigapiga kwenye tope. Walikuwa wazuri, wanene, wazima kabisa, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama. Bi Saumu alikataa kukaa ndani. Alishika ncha moja ya wavu wa kuburuta na kumwashiria mkwe ashike ya pili. Waliburuta pamoja, wakajaza makarai, wanaume wa chokaa wakayapokea na kuyamwaga shimoni, na kila karai lilipomwagwa vumbi jeupe lilipanda na kutua kwenye nyusi zao.

Ni dereva aliyeona. Alikuwa amesimama kwenye tuta kati ya bwawa la tatu na la nne, akikwepa kazi kwa ustadi wa miaka mingi, ghafla akaacha utani aliokuwa anausema katikati.

"Bosi. Njoo huku."

Kwenye bwawa la nne, karibu na ukingo, samaki mmoja alikuwa anazunguka. Alizunguka kama anayekimbiza mkia wake, akatulia, akaanza tena. Alipopinduka ubavu ulionyesha doa jekundu la ukubwa wa kifungo cha shati. Mbele kidogo alikuwepo mwingine. Koleo alichutama. Alipomuuliza mkwe, alikiri kwamba wavu ule ule uliovua bwawa la tatu siku ya kreti ndio uliovua la nne, bila kuanikwa. Dawa haikuwa imevuka tuta. Ugonjwa ulikuwa umevuka.

Msimamizi alikuja akasimama nyuma yake. Shimo lilikuwa wazi, chokaa ilikuwepo, wanaume walikuwepo. Alisema hilo nalo lizikwe, wamalize safari moja.

"Mfupa wake umeuona," Koleo alisema bila kuinuka. "Amri yako inataja dawa. Haitaji ugonjwa."

"Na wakitia dawa usiku huu, nikishaondoka?"

"Nitarudi na kitochi. Mfupa utaniambia."

Msimamizi alimtazama Bi Saumu, ambaye alikuwa amepanda tutani, miguu imejaa tope hadi magotini. Akamwambia kwamba akirudi mara ya pili hatabagua bwawa. Kisha akaenda kukagua shimo lake.

Bi Saumu alitazama samaki anayezunguka. Koleo aliona vitu viwili vikipigana kwenye uso ule. Upande wa pili wa uzio, hatua chache tu, kulikuwa na dawa ya njano ambayo pengine ingewaponya wiki hii, na angeweza kuwapa siku zao za kungoja bila mtu kudhurika, akabandua tu zile karatasi zake na kuitangaza dawa ofisini. Upande huu kulikuwa na kitu alichokiamini kwa moyo wote, alichokitangazia mji, na ambacho, ukiondoa bwawa la tatu kwenye hesabu, hakikuwa kimewahi kupambana na ugonjwa huu hata mara moja. Ushindi wake mkubwa ulikuwa shimoni, unamwagiwa chokaa.

Mkwe alikuwa amesimama chini ya tuta. Alikuwa ameshavua fulana ya kazi na kuvaa shati, tayari kwa safari ya kituoni, na alimwambia Koleo kwamba yuko tayari.

"Hayuko tayari," Bi Saumu alisema.

Alisema bila kumtazama Koleo, na wala haikuwa ombi. Alimwagiza mkwe akalete kinu na vitunguu vyote vilivyoko kwenye kamba, aviweke hapahapa tutani, mbele ya watu. Kijana alimtazama Koleo. Koleo alilitazama gari, akaitazama barabara, akajiambia kituo hakina miguu ya kukimbia. Akamtikisia kichwa aende.

Alirudi na kinu begani na kamba ya vitunguu shingoni. Alikaa chini kwenye tope, akaanza kumenya. Bi Saumu alichutama karibu yake, karibu kuliko alivyowahi kumruhusu mtu yeyote kwenye kinu chake, akamsogezea mchi.

Mkwe aliushika, akausimamisha, bila kuushusha.

"Na wakifa, mama?"

Bwawani samaki wa tatu alikuwa ameanza kuzunguka.

"Wakifa, tutakuwa tumejua," Bi Saumu alisema. "Ponda."